Nyandika Maiyoro na Ngazi ya Mbio za Kenya

Uwanja wa White City, magharibi mwa London, ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya 1908. Ilipofika Julai 1954 bado ulikuwa makao ya mbio kubwa za Uingereza, na mashindano ya kila mwaka ya chama cha riadha cha nchi hiyo yalifanyika hapo. Mwaka huo mbio zilikuwa gumzo. Tarehe 6 Mei, mjini Oxford, Roger Bannister alikuwa amekimbia maili moja chini ya dakika nne, jambo ambalo hakuna binadamu aliyekuwa ameandikiwa kulifanya. Mmoja wa vijana wawili waliomwongozea kasi siku hiyo alikuwa Chris Chataway, naye sasa alikuwa anajiandaa kwa maili tatu.

Katika mashindano hayo waliingia wanaume wawili kutoka Koloni la Kenya: Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro. Walikuwa njiani kuelekea Vancouver, Kanada, kwenye Michezo ya Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola, na London ilikuwa kituo tu cha safari. Ulaya haikuwajua. Fikra iliyokuwa imeenea kwa wakati ule ni kwamba Mwafrika anaweza kuruka juu na kutimka masafa mafupi, lakini mbio ndefu zinahitaji subira na hesabu ambazo hana. Fikra hiyo haikuwa na ushahidi wowote. Ilidumu kwa sababu wachache sana walikuwa wamepewa nafasi ya kuikanusha.

Ijumaa ya tarehe 9 Julai, Lazaro alisimama kwenye mstari wa maili sita akiwa pekupeku. Maili sita ni mizunguko 24 ya uwanja wa yadi 440, karibu kilomita 9.7. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwepo Gordon Pirie, ambaye mwaka mmoja kabla, katika mashindano hayohayo, alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya umbali huo. Lazaro hakukimbia kama wenzake. Alichomoka ghafla, akapunguza, akachomoka tena, na kila alipofanya hivyo kundi zima lililazimika kuamua: kumfuata au kumwacha aende. Ilipopita karibu mizunguko kumi na tano, maumivu ya mguu yakamtoa uwanjani. Mshindi alikuwa Peter Driver. Wengi waliotazama walihitimisha kwamba Mwafrika yule hakujua kugawa nguvu zake.

Jumamosi ikawa zamu ya Nyandika katika maili tatu, mizunguko 12. Naye alitoka mbele tangu mwanzo, akafungua mwanya mkubwa baina yake na wengine, na uwanja ukangoja aishiwe. Freddie Green na Chataway walimfuata, wakamfikia, kisha wakampita. Wawili hao walimaliza kwa muda uleule, dakika 13 na sekunde 32.2, Green akiwa mbele kidogo, wakaivunja rekodi ya dunia ya Gunder Hägg wa Uswidi iliyokuwa imesimama tangu 1942. Lakini Nyandika hakuanguka wala hakutoka. Alishikilia mbio zake hadi mwisho, akamaliza wa tatu kwa dakika 13 na sekunde 54.8, mbele ya wakimbiaji wengi waliofunzwa katika vilabu vya Uingereza. Waliovunja rekodi siku hiyo walikuwa wamelazimika kumwinda yeye kwanza.

Kilichokuwapo nyuma yake

Nyandika alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 katika nchi ya Wagusii, eneo la vilima vinavyofuatana bila kupumzika, ambako mji wa Kisii wenyewe uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya mvua, migomba na mashamba madogo, na katika utoto wake mtu alikwenda kwa miguu karibu kila alipokwenda. Msomaji wa Meru au Embu ataitambua haraka hali hiyo, maana miteremko ya Mlima Kenya huwalea watoto wake vilevile: bonde, mto, mlima, kisha bonde jingine kabla ya kufika shuleni au sokoni.

Ndiyo maana maelezo tunayopenda kuyarudia, kwamba Mkenya anakimbia kwa sababu alikimbia kwenda shule, hayatoshi. Watoto wa vilima walikuwa wengi, tena kwa vizazi na vizazi. Walichunga, walipeleka habari, walikimbizana. Hakuna hata mmoja wao aliyejulikana nje ya ukoo wake kwa mbio hizo, kwa kuwa hakukuwa na mstari wa kuanzia, saa ya kupimia, wala kitabu cha kuandikia. Miguu ilikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuitoa miguu hiyo kijijini na kuifikisha kwenye uwanja.

Njia hiyo ilianza kuchorwa taratibu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Shule za misheni na za serikali zilianza kufanya siku za michezo. Jeshi na polisi wakashindana, na katika miaka ya 1920 kikaundwa chama cha kusimamia michezo ya Waafrika na Waarabu katika koloni. Watawala walikuwa na sababu zao. Waliona michezo kuwa chombo cha nidhamu, kitu cha kuwashughulisha vijana mahali pa ngoma na uvamizi wa mifugo ambao wao hawakuupenda, na somo la kutii filimbi. Hata hivyo, walichojenga kilikuja kutumika kwa namna ambayo wao wenyewe hawakuikusudia. Uwanja wa nyasi uliochorwa kwa chokaa ulikuwa miongoni mwa mahali pachache katika koloni ambapo kijana Mwafrika angeweza kupimwa kwa saa, na saa haikuuliza rangi ya mtu.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950, ngazi ilikuwa imesimama: mshindi wa tarafa alikwenda wilayani, wa wilaya akaenda jimboni, wa jimbo akafika kwenye mashindano ya koloni zima. Mwaka 1951 kiliundwa chama cha riadha cha Kenya, na aliyekuwa mbele katika kukianzisha ni Derek Erskine, mfanyabiashara na mwanasiasa Mzungu wa Nairobi aliyetaka michezo iwe ya watu wa rangi zote. Kazi ya kuzunguka wilayani na kuandaa timu ilikuwa ya Archie Evans, Mwingereza aliyekuwa Ofisa Michezo wa Koloni. Kwa njia hiyo kijana wa Kisii akapata daraja la kupandia.

Mwaka 1953 daraja hilo lilimfikisha Antananarivo, Madagaska, kwenye mashindano ya nchi za Bahari ya Hindi. Alikimbia mita 3,000. Husimuliwa kwamba bunduki ililia wakati Nyandika hajawa tayari, wenzake wakatangulia karibu mita 100 kabla hajaanza kukimbia. Mtu mwingine angeketi na kulalamika. Yeye aliwafuata, akawapita mmoja baada ya mwingine, akashinda. Watu wa Evans wakarudi nyumbani wakijua kwamba wana mkimbiaji anayestahili kupelekwa mbali zaidi.

Mwaka 1954 katika miteremko ya Mlima Kenya

Hapa lazima tusimame, kwa sababu historia ya mbio haiwezi kutenganishwa na historia ya nchi. Tunapomtazama Nyandika akizunguka White City mwezi Julai 1954, tujiulize kijana wa rika lake huko Gakoromone, Chuka au Runyenjes alikuwa katika hali gani siku hiyo.

Gavana Evelyn Baring alikuwa ametangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952 ili kuwazima Mau Mau. Katika sheria zilizofuata, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa katika kapu moja. Walitakiwa kubeba hati maalumu za utambulisho na kupata kibali kabla ya kusafiri. Msitu wa Mlima Kenya ulitangazwa kuwa eneo lililokatazwa, na aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyewaongoza wapiganaji wa mlima huo, alikamatwa Januari 1954. Upande wa Meru, Musa Mwariama na Baimungi waliendelea kupigana msituni na hawakutoka hadi uhuru ulipopatikana. Tarehe 24 Aprili mwaka huohuo jeshi liliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil, na maelfu ya wanaume wa makabila hayo matatu wakapelekwa kizuizini. Katikati ya mwaka likaanza zoezi la kuwahamisha watu kutoka kwenye boma zao hadi vijiji vya lazima vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Wakazi walilazimishwa kuchimba handaki la kuutenga msitu na mashamba, na jioni kafyu ilifunga kila mlango.

Katika mazingira hayo, ni nani angetoka alfajiri kukimbia peke yake kando ya msitu? Mwanamume anayekimbia alikuwa, machoni mwa askari, mwanamume anayetoroka. Na hata aliyekuwa na kasi alihitaji kibali ili aende kuionyesha. Kisii na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa hazikufungiwa kwa sheria hizo, na ni huko ndiko yalikotoka majina ya kwanza ya mbio ndefu za Kenya. Hilo si suala la damu wala la kabila. Ngazi ya mashindano hupandwa na mtu aliye huru kutembea, na katika miaka ambayo ngazi ya Kenya iliingia ulimwenguni, vijana wa Meru na Embu hawakuwa huru.

Nalisema hili kwa uzito, kwa kuwa nimesikia mara nyingi watu wakigawa vipaji kwa ramani, kana kwamba Mungu alichora mipaka ya wilaya. Aliyechora mipaka ile ni serikali ya kikoloni, na aliyeamua nani avuke na nani abaki ni huyohuyo.

Wa nne Vancouver, wa saba Melbourne

Michezo ya Vancouver ilifunguliwa tarehe 30 Julai 1954. Ulimwengu unaikumbuka zaidi kwa maili moja ya siku ya mwisho, Bannister alipompita John Landy wa Australia. Katika maili tatu, Chataway alishinda kwa dakika 13 na sekunde 35.2, Green akawa wa pili, Frank Sando wa tatu. Wote watatu walikuwa Waingereza. Wa nne alikuwa Nyandika Maiyoro wa Kenya, kwa dakika 13 na sekunde 43.8.

Inafaa kuupa muda huo nafasi yake. London, Nyandika alikuwa ameachwa na mshindi kwa sekunde 22.6. Majuma machache baadaye, Vancouver, aliachwa kwa sekunde 8.6 tu, na medali ya shaba ilimpita kwa sekunde 6.4. Alikuwa amepunguza sekunde 11 kutoka muda wake wa White City. Huyu hakuwa mtu asiyejua kugawa nguvu. Alikuwa mwanafunzi mwepesi, aliyekutana na wakimbiaji bora duniani mara moja, akaona wanachofanya, na mara ya pili akawa karibu nao. Lazaro naye alimaliza maili sita katika nafasi ya saba. Kenya haikupata medali yoyote, lakini ilikuwa imeandikwa.

Mwaka uliofuata, kamati ya Olimpiki ya Kenya ilitambuliwa rasmi, na mwezi Novemba 1956 koloni likapeleka timu yake ya kwanza kwenye Olimpiki, mjini Melbourne. Bingwa wa mbio ndefu wa wakati huo alikuwa Vladimir Kuts, baharia wa Sovieti. Katika mita 10,000 alimvunja Gordon Pirie kwa silaha moja: kuchomoka ghafla, kupunguza, kuchomoka tena, hadi Mwingereza akaishiwa kabisa na kumaliza wa nane. Ulimwengu ulimsifu Kuts kwa ujasiri na akili, nao ulistahili kumsifu. Lakini mtindo uleule, ulipofanywa na Lazaro Chepkwony dhidi ya Pirie huyohuyo miaka miwili nyuma, ulikuwa umeitwa ujinga wa mtu asiyefunzwa. Kuts alikuwa na mazoezi ya miaka mingi ya kuuhimili, na Lazaro hakuwa nayo. Wazo lenyewe lilikuwa sahihi.

Nyandika alivuka mchujo wa mita 5,000 na kuingia fainali, tarehe 28 Novemba. Kuts alishinda tena, kwa dakika 13 na sekunde 39.6, rekodi mpya ya Olimpiki. Pirie alikuwa wa pili, Derek Ibbotson wa tatu. Nyuma yao walikuja Miklós Szabó wa Hungaria, Albert Thomas wa Australia na László Tábori wa Hungaria. Wa saba, kwa dakika 14 na sekunde 19.0, alikuwa Nyandika. Ukiitazama orodha hiyo unaona nchi zenye vyama vya riadha vya miaka mingi, makocha, viwanja vya kiwango cha juu na mashindano ya kila wiki. Na chini yao, koloni ambalo chama chake cha riadha kilikuwa na umri wa miaka mitano.

Kutoka Melbourne alirudi kwenye mfumo uleule wa viwanja vya nyasi, lakini hakuwa tena peke yake. Mwaka 1958, mjini Cardiff, Wales, Kenya ilipata medali zake za kwanza katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Bartonjo Rotich alitwaa shaba katika yadi 440 kuruka viunzi, na Arere Anentia, Mgusii kama Nyandika, akatwaa shaba katika maili sita. Wilaya iliyokuwa imemtoa mkimbiaji mmoja sasa ilikuwa imetoa wawili wa kiwango cha dunia. Hivi ndivyo mbio zinavyoenea: kijana haoni medali kwanza, anaona mtu wa kijiji cha jirani amepanda ndege na kurudi.

Roma

Mwaka 1960 ulianza kwa mambo mawili makubwa kwa Kenya. Mwezi Januari Hali ya Hatari iliondolewa baada ya zaidi ya miaka saba, na mwezi huohuo mkutano wa kwanza wa katiba ulianza katika jumba la Lancaster, London. Uhuru ulikuwa umeanza kuonekana. Timu iliyokwenda Olimpiki ya Roma mwaka huo bado ilikuwa ya koloni, lakini wote waliokuwamo walijua kwamba koloni hilo siku zake zinahesabika.

Nyandika sasa alikuwa mkongwe wa timu, mtu wa kuwaonyesha wadogo njia. Aliingia tena fainali ya mita 5,000, tarehe 2 Septemba. Mshindi siku hiyo alikuwa Murray Halberg wa New Zealand, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umelemaa tangu aumie akicheza raga akiwa kijana. Zikiwa zimebaki takribani raundi tatu, Halberg alichomoka na kuwaacha wote, kisha akajikaza mpaka kwenye utepe huku wengine wakimkaribia. Muda wake ulikuwa dakika 13 na sekunde 43.4. Hans Grodotzki wa Ujerumani na Kazimierz Zimny wa Poland walimfuata.

Nyandika alimaliza wa sita, kwa dakika 13 na sekunde 52.8. Huo ulikuwa upungufu wa sekunde 26.2 ukilinganisha na muda wake wa Melbourne, yaani zaidi ya sekunde mbili katika kila raundi ya uwanja, kwa raundi 12 na nusu. Melbourne alikuwa nyuma ya mshindi kwa sekunde 39.4. Roma alikuwa nyuma kwa sekunde 9.4, na medali ya shaba ilikuwa mbele yake kwa sekunde 8 kamili. Alifanya hivyo akikaribia umri wa miaka 30, bila kikosi cha wataalamu nyuma yake, akitoka nchi ambayo haikuwa bado na uwanja wa kumfanyia mazoezi ya aina waliyokuwa nayo wapinzani wake.

Siku nane baadaye, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki hiyo akiwa pekupeku. Ushindi huo ndio uliobadilisha fikra za dunia kuhusu Waafrika na mbio ndefu, na ni haki yake. Ila aliyekuwa akifuatilia matokeo kwa makini tangu London hakuwa na sababu ya kushangaa. Kwa miaka sita mtu wa Kisii alikuwa akiuleta ushahidi huo polepole, fainali baada ya fainali.

Waliopanda juu yake

Katika mita 5,000 za Olimpiki ya Tokyo, 1964, Kenya ikiwa huru na bendera yake mwenyewe, Kipchoge Keino alimaliza wa tano. Tofauti baina yake na mshindi, Bob Schul wa Marekani, ilikuwa sekunde 1.6. Katika Olimpiki hiyohiyo Wilson Kiprugut alipata shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Mexico City, 1968, Mohamed Gammoudi wa Tunisia alishinda mita 5,000, lakini Keino alikuwa wa pili na Naftali Temu wa tatu, akiwa nyuma ya mshindi kwa sekunde 1.4.

Temu alikuwa kijana wa Kisii. Alizaliwa 1945, kwa hiyo alikuwa na miaka tisa Nyandika alipokimbia White City. Mwaka 1966, mjini Kingston, Jamaika, alishinda maili sita za Jumuiya ya Madola, umbali uleule uliompa Arere Anentia shaba na uliomvunja Lazaro London. Na tarehe 13 Oktoba 1968 alishinda mita 10,000 mjini Mexico City, akawa Mkenya wa kwanza kabisa kuvikwa dhahabu ya Olimpiki. Wiki moja baadaye Keino akashinda mita 1,500.

Tazama sasa jinsi namba zinavyofuatana katika mita 5,000: nafasi ya saba 1956, ya sita 1960, ya tano 1964, ya pili na ya tatu 1968. Dhahabu ya umbali huo ilikuja Seoul mwaka 1988, John Ngugi wa Nyahururu alipotoka mbele kabla ya raundi ya nne kukamilika, akafungua mwanya mkubwa, na akaushikilia hadi mwisho. Ndivyo Nyandika alivyojaribu kukimbia katika White City. Miaka 34 baadaye, Mkenya mwingine alikuwa na mazoezi, wenzake na mfumo wa kumwezesha kumaliza kile ambacho yule wa kwanza alikianza.

Ngugi huyohuyo alishinda mbio za nyika za dunia mara tano, na timu ya wanaume ya Kenya ikashinda ubingwa huo kila mwaka kuanzia 1986 hadi 2003, mara 18 mfululizo. Na hapa historia inarudi kwenye miteremko yetu. Kwa miaka mingi timu ya taifa ya mbio za nyika imepiga kambi katika Chuo cha Walimu cha Kigari, Embu, chini ya Mlima Kenya. Kila mwaka wa mashindano, wakimbiaji kutoka Bonde la Ufa, Kisii, Nyahururu na kwingineko walikusanyika kwenye barabara za vumbi za Embu, wakapanda vilima alfajiri wakiwa kundi moja, na kuondoka hapo wakiwa timu. Ardhi ambayo mwaka 1954 mtu hakuweza kuikimbia bila kutiliwa shaka ikawa ndiyo ardhi ya kuwaandalia mabingwa wa dunia. Hewa ni ileile na vilima ni vilevile. Kilichobadilika ni uhuru wa mtu kuvipanda.

Thamani ya nafasi ya nne

Nyandika Maiyoro alifariki tarehe 24 Februari 2019, akiwa na umri wa karibu miaka 90. Alikuwa ameishi miaka ya kutosha kuona Kenya ikihesabiwa miongoni mwa mataifa makubwa ya riadha, na majina ya waliomfuata yakijulikana katika kila bara. Yeye hakuwahi kuvaa medali ya Olimpiki wala ya Jumuiya ya Madola. Katika vitabu vinavyohesabu medali tu, hayumo.

Hilo ni kosa la vitabu hivyo. Medali ni kipimo cha siku moja, na kwa mtu aliyetangulia ni kipimo kibaya. Mtangulizi hupimwa kwa swali jingine: kabla yake nini kilionekana hakiwezekani, na baada yake nini kilionekana cha kawaida? Kabla ya Nyandika, Mwafrika wa mashariki katika fainali ya mbio ndefu ya Olimpiki lilikuwa jambo lisilofikiriwa. Baada yake, swali lilibaki moja tu, kwamba atamaliza wa ngapi. Wa nne Vancouver, wa saba Melbourne, wa sita Roma: kila nafasi kati ya hizo ilimpa Mkenya aliyefuata mahali pa kuweka mguu.

Kwa sisi wa Meru na Embu kuna somo la ziada. Katika mashindano ya shule na ya kaunti, macho yetu hukimbilia kwa mshindi, na aliyekuwa wa nne hurudi nyumbani bila hata muda wake kuandikwa. Uwanja wa Kinoru upo, shule zipo, na vilima havijaondoka. Kinachohitajika ni walimu wenye saa na daftari: waandike muda wa kila mtoto, wautunze, na mwaka unaofuata waulinganishe. Mtoto aliyemaliza wa nne leo na kupunguza sekunde 11 kufikia mashindano yajayo ndiye wa kutafutiwa viatu, nauli na mtu wa kumfunza. Kama Archie Evans na wenzake wangetafuta washindi pekee, safari ya Nyandika ingeishia London.